MALEZI NI AMANA, ELIMU PIA



Mwaka 1871 serikali ya Japani, ikikimbilia maendeleo, ilipeleka wasichana watano kusoma Marekani. Mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa na miaka 6. Alirudi 1882, Kijapani kikiwa kimemtoka, akajifunza upya. Mwaka 1900 akafungua shule ya wanawake Tokyo.

Sisemi tuwatupe watoto wadogo ughaibuni. Lakini mimi nilimzuia binti yangu mkubwa kwenda chuo cha uuguzi mkoa wa jirani, nikihofia atapotea. Leo yeye hanilaumu. Najilaumu mwenyewe, maana hofu yangu niliivika kanzu ya dini.

Wazazi wenzangu, walindeni mabinti kwa malezi na dua, msiwalinde kwa ujinga. Allah atusamehe. Aamin.