Leo Wanakula Nini?

Babu yangu hakuwahi kuniuliza kama niko tayari kwenda kuvua. Aliniuliza swali moja tu, tukiwa bado uani: "Leo wanakula nini?" Nikikosea, tulibaki nyumbani mpaka nipatie.

Ilinibidi nijifunze kutazama. Mwisho wa kiangazi, maji ya Ziwa Sagara yakirudi nyuma ya matete, jibu lilikuwa nyungunyungu, na ndoano tuliishusha hadi karibu na tope, kwa kuwa kambale hushinda huko chini. Maji yakichafuka, macho hayamsaidii kitu. Kambale hutafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu, basi tulitia utumbo wa kuku au kipande cha sabuni ya mche. Mbuga ikifurika, panzi walianguka kutoka kwenye nyasi zilizozama, nasi tukatia panzi. Na jioni ile ya Novemba au Desemba ambapo ardhi hutema kumbikumbi baada ya mvua kubwa, hakukuwa na mjadala. Samaki wote walitazama juu.

Nimelikumbuka swali hilo mbali na Usinge. Mwaka 2024, darasani Dar es Salaam, mhadhiri alituonyesha picha za watu wanaovua trauti, samaki ambao Waingereza waliwaleta Kenya mwaka 1905 na kuwaweka katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare. Mvuvi wao hatumii chambo. Anafunga manyoya na uzi kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu anayeruka mtoni saa ile. Mdudu akibadilika, naye anabadilisha. Wenzangu walicheka, eti mtu mzima anaishonea ndoano nguo. Mimi sikucheka. Huyo mtu alikuwa anajibu swali la babu.

Ila babu alikuwa na jibu moja ambalo sikuliona kwenye picha zile. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, aliuliza kama kawaida, nami nikajibu kwa kujiamini, "Kumbikumbi." Akasema, "Umepatia." Kisha akachukua ndoano zake zote, akazichomeka kwenye nyasi za paa, na hazikushuka mpaka mwezi ule ukafa.

Sababu niliisoma baadaye, katika vitabu. Mvua za kwanza zikijaza mbuga, kambale huacha kina usiku, huingia kwenye maji ya kimo cha goti na kutaga mayai juu ya nyasi. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili. Ni wakati ambao mtu hahitaji hata mtumbwi. Anaweza kuwaokota kwa panga. Babu hakutumia neno "kuzaliana". Alisema, "Mgeni akija kujifungulia kwako, hunoi kisu."

Desemba 2013 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Barua ilikuja na orodha: ada, sare, tranka, godoro, ndoo, rimu ya karatasi. Malipo ya tumbaku ya mama yalikuwa hayajatoka. Kwa siku kadhaa watu wazima walizungumza kwa sauti za chini, nami nikijifanya nimelala.

Jioni moja kumbikumbi waliruka. Babu hakuniuliza kitu. Alipandisha mkono kwenye paa, akashusha ndoano, akanipa tochi. Tulivua usiku ule na usiku mbili zilizofuata. Nilikuwa na furaha isiyo na kipimo. Sikuwahi kuona kambale wengi namna ile, wazito, matumbo yamejaa. Mama aliwapasua, akawakausha kwa moshi, akawapakia kwenye matenga na kupanda nao treni hadi Tabora. Alirudi na godoro la futi mbili na nusu lililokunjwa na kufungwa kwa kamba.

Mayai tuliyakaanga. Niliyala na ugali nikaongeza. Babu alisema ameshiba.

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, serikali ililifunga Ziwa Tanganyika ili samaki wapumzike. Chuoni tulibishana sana, na mimi nilikuwa upande wa kufunga. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu jambo hilohilo upande wetu: ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Nilitaka kupendekeza kwamba uvuvi wa mbugani usimame mvua zinapoanza. Sayansi yake haina utata.

Desemba hiyo nilishuka kituo cha Usinge na dodoso la maswali ishirini. Babu nilimwacha wa mwisho. Macho yake yameingia ukungu, lakini sauti yangu aliijua kabla sijafika mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunihoji au kunisalimu?"

"Vyote viwili."

Alijibu maswali vizuri, kwa subira, akinisahihisha majina ya nyasi. Tukafika swali la kumi na nne: Je, umewahi kuvua katika kipindi ambacho samaki wanazaliana? Nilishaweka kalamu kwenye "Hapana". Nilikuwa namjua.

"Andika ndiyo," akasema. "Mwaka wa godoro."

Dodoso langu halikuwa na nafasi ya mwaka wa godoro. Lilikuwa na visanduku viwili. Nilitia alama kwenye "Ndiyo", na mkono wangu ulikuwa mzito, kwa sababu yule anayepaswa kuhojiwa kuhusu samaki wale alikuwa ameshika kalamu.

Pendekezo langu sijalibadilisha. Mbuga ipumzike. Lakini usiku ule niliongeza swali la kumi na tano, na asubuhi nikaanza kuzunguka upya kwa wote waliojibu ndiyo: Mwaka huo, nyumbani kwako mlihitaji nini? Watu ambao jana walinijibu kwa neno moja walivuta kigoda wakakaa. Jibu la kwanza lilikuwa dawa. La pili, mazishi. La tatu, sare za shule.

Jioni ya kuondoka kwangu mvua ilikatika na kumbikumbi wakatoka, wakaizunguka taa ya sola ya babu mpaka mwanga ukapungua. Aliwasikia mabawa.

"Leo wanakula nini?"

"Kumbikumbi."

"Umepatia. Lete kikaango."

Ndoano zilibaki kwenye paa. Kumbikumbi tuliwakaanga kwa chumvi, tukala sisi.