Popo wa Kasanka na masuku yetu

Mwezi wa kumi na moja tulitoka Lubumbashi watu saba, walimu watatu na wamama wanne wa kikundi, tukavuka Kasumbalesa kwenda Kasanka, kule Zambia. Njia ni ndefu: Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje, halafu barabara ya Mansa. Mpakani tulipoteza karibu siku nzima, lakini hayo mnayajua.

Tulikwenda kutazama popo. Ndiyo, popo! Jirani mmoja alituuliza kama tunatafuta uchawi.

Jioni tulipanda jukwaa la mbao lililojengwa mtini, mbele ya kipande kidogo cha msitu wa maji ambacho wenyeji wanakiita mushitu. Mama mmoja wetu ni Mulala wa Sakania, na Walala wako pande zote mbili za mpaka. Basi yeye na kiongozi wetu walizungumza kama watu wa nyumba moja, sisi wengine tukingoja kutafsiriwa.

Jua lilipozama makelele yalizidi msituni. Popo wa kwanza akaruka, wakafuata kumi, kisha anga likajaa hadi hatukujua tutazame wapi. Wanakadiriwa kufika milioni 10 kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Matawi huvunjika kwa uzito wao, na mamba hungoja chini wale wanaoanguka.

Huyu si yule popo mdogo wa darini. Shingo yake ina rangi ya majani makavu, na mabawa yakitandazwa hufika sentimeta 70 hivi. Sisi walimu tuliona haya, maana miaka mingi tumefundisha kwamba popo ni kipofu. Huyu ana macho makubwa, naye hutafuta matunda kwa macho na kwa pua. Hutafuna, humeza maji ya tunda, hutema makapi. Mbegu ndogo hupita tumboni, kubwa huzidondosha njiani.

Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, akamnyonyesha. Tena mimba ikiingia, hukaa miezi kadhaa bila kukua, ikingoja majira ya chakula. Mama mmoja aliposikia hayo alicheka sana: "Kumbe yeye anapanga kuliko sisi!"

Na wanafuata nini Kasanka? Masuku! Yale yale tunayouza sokoni mvua zikianza. Wataalamu waliwahi kuwafunga popo wanne wa pale vyombo vya kuwafuatilia kwa satelaiti. Mmoja alisafiri kilometa zaidi ya 2,500 katika siku 149, akaingia huku kwetu Kongo. Kwa hiyo tulikuwa tumelipa viza kwenda kutazama wageni wetu wenyewe.

Usiku, kando ya moto, mazungumzo yaligeuka makali. Mama wa Sakania alisema utotoni mwake waliokota masuku nyuma ya nyumba, lakini siku hizi ni nusu siku kwa baiskeli, kwa sababu misuku imekwisha kuwa makala. Mama mwingine, anayeuza makala, akajibu: "Mtoto wangu anasoma kwa makala. Popo atamlipia shule?" Hatukuwa na jibu la haraka. Kila mmoja wetu alipika bukari kwa makala kabla ya kusafiri. Kiongozi alisema tu kwamba shamba lililoachwa halina wa kulipandia miti, ila huyu anayepita juu usiku.

Jambo moja tusilifiche. Popo hawa wamekutwa na virusi, kimojawapo ni ndugu wa kile cha kichaa cha mbwa. Embe lililong'atwa usiku litupwe, hata mtoto akilia. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mikono, na anayeng'atwa aoshwe kidonda kwa maji na sabuni, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Wavulana wetu wanaowapiga kwa manati wanajitafutia hatari bure.

Tuliporudi tulinunua masuku njiani. Mama wa makala alikula kimya, akafunga mbegu katika pembe ya kitenge. Kasumbalesa waliuliza amebeba nini. Akafungua, wakacheka, tukapita.

Amezipanda nyuma ya shule, katika makopo ya nyanya. Mpaka juma lililopita zilikuwa zimeota tatu.