Mjomba aliyefufuka Jumamosi

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimfufua mtu. Sikumwombea wala sikumwekea mikono kama wafanyavyo wale wa kwenye mahema. Nilimpa tu kikombe cha chai ya maziwa, akakinywa chote, akasema mvua za mwaka huu zimechelewa. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshazikwa tangu sehemu ya 19.

Ngoja nianze mwanzo. Gazeti ninaloandikia (jina lake leo naliacha, bado nautaka mshahara) lina hadithi ya mfululizo kila Jumamosi, pale chini karibu na matangazo ya waganga. Mwenye hadithi alikuwa amesafiri kwenda kuuguza, sehemu ya 44 haikuwa imefika, na Alhamisi saa kumi jioni mhariri akanipigia simu. "Wewe si ulisoma fasihi chuo kikuu?" Nikamwambia nilisoma uandishi wa habari. Akasema ni yale yale. Akanitumia sehemu tatu za mwisho na kunipa saa mbili.

Kazi yangu ya kila siku ni habari za Mbulu na Hanang: vikao vya madiwani, bei ya vitunguu saumu, ng'ombe walioibwa, barabara. Hadithi sijawahi kuandika. Lakini sehemu zile tatu zilimtaja mjomba wa shujaa kila baada ya aya mbili: shamba la mjomba, maneno ya mjomba, laiti mjomba angekuwepo. Nikaona huyu ni mtu mzito, nikamleta sebuleni. Hilo "angekuwepo" lilipaswa kunishtua. Jamani, halikunishtua.

Gazeti likatoka. Wasomaji wakaanza kupiga simu kwa mhariri, naye kwa upendo wake akawa anawagawia namba yangu. Jamaa mmoja wa Tandika alitaka kujua kama mjomba ni msukule. Mama mmoja wa Mwanza alikuwa na uhakika ni pacha. Mwingine alicheka tu mpaka salio lake likakata. Kisha akapiga mzee mmoja wa Katesh.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeandika leo?"

"Ndiye mimi."

"Sasa mwanangu, yule sisi tulimzika. Mke wangu alilia. Na kijana ameshauza lile shamba la urithi, sehemu ya 26, kwa maandishi. Kama mjomba yu hai, yule aliyenunua mnamwambiaje?"

Sikuwa na jibu. Hakuniita mjinga, na naapa ingekuwa nafuu angeniita. Alikuwa anamhurumia mnunuzi wa shamba ambalo halipo.

Mimi nimekulia Dongobesh, huku juu wilayani Mbulu. Magazeti ya katuni yalitufikia yakiwa yamechoka. Yalishapita Arusha, yakapita Babati, yakapita mikono ya makondakta, na yakimaliza kuupanda mlima wa Dareda jalada halipo. Mjomba wangu wa kweli (huyu yu hai, namsalimu), mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na boksi la magazeti hayo chini ya kitanda. Toleo la 5, la 6, kisha la 9. Binamu yangu alikaa Katesh, kwenye barabara ya Singida ambako mabasi yanapita mlangoni, kwa hiyo yeye alikuwa nalo la 7. La 8 hatujaliona hadi leo.

Katika hadithi moja ya picha, jambazi alikatwa sikio la kushoto toleo la 6. Toleo la 9 masikio yote mawili yapo. Mimi nikasema ni wazi, toleo la 7 alikwenda hospitali akashonwa. Binamu akija likizo ya Desemba akaniambia toleo la 7 hakuna hospitali. Basi ni la 8, nikasema. Tulipigana kwa ajili ya sikio hilo. Miaka miwili mizima niliamini hospitali ya toleo la 8, nikajua mpaka jina la nesi. Sisi wa mlimani hatukujua kwamba mchoraji anaweza kukosea. Tulijua tu kwamba nakala zinapotea njiani.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa chumbani chuoni, kijana wa Tanga aliyekuwa mgonjwa wa manga, zile hadithi za picha za Kijapani. Alinisimulia habari za Akira Toriyama na Dragon Ball yake, iliyotoka kila wiki katika jarida la Shonen Jump kuanzia 1984 hadi 1995, jumla sura 519. Humo alikuwemo dada mmoja aitwaye Launch. Akipiga chafya, nywele zinabadilika rangi, na yule binti mpole anageuka mshika bunduki. Watu walimpenda. Siku moja akawa haonekani tena, hakufa wala hakuaga. Nikamuuliza mwenzangu maelezo yake yako toleo la ngapi. Akacheka. Toriyama mwenyewe alikuja kusema alimsahau. Hakuna toleo la 8! Toriyama amefariki Machi 2024, na nilipoisoma habari ile, wa kwanza kunijia kichwani alikuwa yule dada wa chafya.

Eiichiro Oda, yule wa One Piece iliyoanza 1997 na bado inaendelea, yeye ana kona ya maswali ndani ya vitabu vyake. Wasomaji wanamkamata na makosa, naye anajibu, mara anakiri, mara anatania. Nawaonea wivu wasomaji wale. Lakini simlaumu sana anayesahau. Mtu anayetoa kurasa kila wiki kwa miaka kumi hana muda wa kurudi nyuma kusoma alichoandika, na mwenye hadithi wetu hana hata msaidizi wa kumkumbusha. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na mgonjwa.

Halafu kuna hadithi zisizodai kumbukumbu kabisa. Chukua Sani. Kipepe, Ndumilakuwili na Lodi Lofa waliwahi kubadili mikono: Philip Ndunguru alifariki akiwa bado kijana, katikati ya miaka ya 1980, wachoraji wengine wakaendelea nao, John Kaduma akiwa mmojawapo. Kipepe akipata kipigo wiki hii, wiki ijayo ni mzima, na hakuna anayempigia mhariri simu. Ni kama Fisi wa bibi yangu. Usiku wa Jumatatu Fisi alipasuka tumbo kwa ulafi. Jumanne yuko njiani tena, ana njaa. Hatukumuuliza bibi amefufukaje, kwa sababu kila usiku hadithi ilikuwa imekwisha tulipolala. Ukishaandika "itaendelea" pale chini umekopa.

Jumanne nilikuwa na kikao cha halmashauri Katesh. Kilipoisha nikaenda kumtafuta yule mzee. Ni fundi cherehani. Alinisogezea kiti, akamaliza pindo la sketi ya shule aliyokuwa anaishona, kisha akatoa faili la kijani, lile la ofisini lenye kamba. Sehemu zote 44, zimekatwa kwa mkasi wake wa vitambaa, zimebandikwa kwenye karatasi. Pembeni mwa habari kuna maandishi ya kalamu nyekundu.

Nilisoma kwa zaidi ya saa moja na jasho likanitoka. Mke wa diwani anapata mimba sehemu ya 9. Kufikia sehemu ya 40 masika mawili yamepita ndani ya hadithi na bado anatarajia kujifungua "mwezi ujao". Mzee ameandika pembeni: *ya kwanza iliharibika, hawakutaka kusema*. Pikipiki iliyouzwa sehemu ya 15 shujaa anaipanda sehemu ya 22: *ameazima*. Kijiji kilichokuwa mwendo wa saa moja kimegeuka mwendo wa siku nzima: *daraja limekatika*. Nilihesabu makosa 13 ya mwenye hadithi. La 14 ni langu, nalo alikuwa amelipatia dawa tayari. Aliyekunywa chai ni mdogo wake marehemu. Kwa ukoo naye ni mjomba, na sehemu ya 3 imetaja kwamba marehemu alikuwa na mdogo wake Singida. Nikarudi sehemu ya 3. Ni kweli, ametajwa, mstari mmoja.

"Kwa hiyo shamba halina kesi," mzee akasema. Nilimwona ametulia kabisa.

Limebaki moja tu. Sehemu ya 6, mama wa shujaa anamtuma mtoto wa jirani dukani akanunue chumvi. Mtoto anatoka mbio. Hajarudi. Pembeni mzee hakuandika maelezo, ameweka alama ya kuuliza tu, tena kubwa.

"Haya mengine nayaweza," akaniambia. "Huyu siwezi kumrudisha mimi. Aliyemtuma ndiye amrudishe."

Mlangoni kwake unauona Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima huo ulishusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Waandishi tulikuja wengi, mimi nikiwa bado mgeni kazini. Idadi ilikuwa inabadilika kila siku, nasi tukawa tunaibadilisha. Mzee anayo faili la habari zile pia, ila sikuomba kuliona. Akasema tu, bila ukali, kwamba nyingi ziliishia katikati. Nami nakumbuka yangu moja. Niliandika juu ya familia iliyokuwa imehifadhiwa shuleni, nikamalizia kwamba tutaendelea kuwafuatilia. Baada ya hapo nikapangiwa habari za bajeti. Sijui walihamia wapi. Hata majina yao yako kwenye daftari nililoliacha chumba nilichokuwa nimepanga zamani.

Nikarudi na kuandika sehemu ya 45. Mhariri alitaka msukule, anasema unauza. Tulibishana mpaka akachoka, mjomba wa Singida akapita, na kwa mara ya kwanza nikaiandika sehemu nikiwa na picha za faili la mzee mbele yangu. Mwishoni kabisa nikaweka sentensi moja: mtoto wa jirani akasukuma mlango, ana chumvi mkononi, akasema dukani kulikuwa na foleni. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Jana asubuhi nikalinunua gazeti kwa hela yangu. Tangazo la mnada liliingia usiku, wakapunguza hadithi mistari minne kutoka chini. Mjomba yupo. Mlango, chumvi na foleni havipo.

Mzee hakupiga. Nilikaa na simu mezani hadi jioni, nikatamani anipigie hata kunigombeza, wapi.

Usiku mwenye hadithi amenijulisha kuwa amerudi, mgonjwa anaendelea vizuri, na sehemu ya 46 ataiandika mwenyewe. Nikamshukuru. Nikamwandikia ujumbe mrefu kidogo, nikamweleza habari za mtoto wa sehemu ya 6 na kwamba kuna watu Katesh wanamsubiri. Haikupita dakika, akajibu.

"Mtoto gani?"