Chaja Moja ya Nyumba Nzima

Kina mama wawili wa darsa ya Alkhamisi wametuomba tuandike juu ya jambo ambalo hatukulisomea chuoni, nalo ni chaja za kuchajia simu na laptopu kwa pamoja. Wametuomba kwa sababu wamesikia yaliyotupata nyumbani kwetu, na kwa kuwa habari imekwisha kutoka nje, ni bora iandikwe na mwenyewe.

Nyumba tunayokaa ni ya kale, ya kuta nene za mawe, na soketi zake ni chache. Wazee walioitia stima hawakuwa na haja ila ya taa, redio na pasi. Leo chini ya dari hiyo hiyo kuna simu sita, tableti ya mtoto wa skuli, na laptopu ya binti yetu wa tatu anayesomea uuguzi. Mama mkwe wetu naye ana simu yake, ambayo kila baada ya Isha huzungumza na mwanawe aliye Maskati, na ole wake atakayemkuta nayo haina chaji. Vyote hivyo vilikuwa vikigombea ekstensheni moja iliyolegea, na kila jioni ugomvi ulikuwa ni wa nani amechomoa waya wa nani.

Binti yetu alitujia kwa adabu akasema, "Baba, tununue chaja moja nzuri yenye matundu manne. Nimeiona kwa shilingi 4,500, nayo itatutosha sote." Tukamjibu kwa darsa fupi juu ya israfu. Kesho yake tukapita Barabara ya Digo tukanunua chaja yenye matundu sita kwa shilingi 400, iliyoandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu kuwa ni ya wati 120. Tukarudi nayo tukijiona ni watu wa tadbiri. Laptopu haikuchajika hata kidogo, binti akatuambia, nasi tukamwambia asubiri.

Usiku wa tatu mtu mmoja wa nyumba, hatumtaji, aliiacha chaja hiyo juu ya godoro upande wa ukutani, imechomekwa simu nne, na mjukuu wetu wa miaka minne amelala kando. Kabla ya alfajiri mama watoto aliamka kwa ajili ya sala ya usiku akasikia harufu ya plastiki. Chaja ilikuwa imeyeyuka ubavu mmoja, shuka limetoboka, na godoro limefanya shimo jeusi la upana wa kikombe cha kahawa. Kutoka shimo hilo hadi kichwa cha mtoto ilikuwa ni shibri moja. Mama watoto hakusema neno. Aliizima soketi, akamhamisha mtoto, akaenda kutia udhu. Sisi tulibaki pale tumeshika shuka, na kimya chake kile tumekihisi hadi leo.

Asubuhi tulimpelekea mpwa wetu aliye fundi wa simu Likoni. Aliifungua kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na kibao kidogo na nafasi tupu. Upande unaopokea stima ya ukutani, ambayo hapa kwetu ni volti 240, na upande unaopeleka umeme kwenye simu ilikuwa imekaribiana kwa umbali usiozidi unene wa punje ya mchele. Kisha akaligeuza ganda lake akatuonyesha maandishi madogo ya mgongoni, yale ambayo hatukuwa tumeyasoma. "Mjomba, zidisha," akasema. Yaliandikwa volti 5, ampea 2.1. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, na hapo jumla yake ni wati 10 na nusu. Herufi za dhahabu zilisema 120. Sisi tunaowagawia watu mirathi hadi sehemu ya ishirini na nne, tulishindwa kuzidisha 5 kwa 2.1.

Katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji yaliyofichwa chini. Chaja ya ghushi ni lundo hilo hilo, na mgongo wake ndipo pa kutia mkono. Mwenye duka amebeba mzigo wake. Nasi mnunuzi tusiotia mkono tuna wetu.

Tulimwita binti yetu mbele ya mama yake tukamwambia kuwa tulikosea, na kwamba neno israfu tulilitumia pahali pasipo pake. Kisha tukaenda dukani pamoja naye na mpwa wetu, safari hii sisi tukiwa wanafunzi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza, ni kuhesabu mahitaji ya nyumba kabla ya kutazama bei. Laptopu nyingi za kawaida huhitaji wati 45 au 65, na idadi hiyo huonekana kwenye chaja yake ya asili. Ukikuta volti 20 na ampea 3.25, basi ni 65. Zile kubwa za michezo na za kazi nzito huvuka 100, na hizo ziachiwe chaja zao. Simu nyingi hutosheka na wati kati ya 10 na 30. Kisha atazame mtu tundu la laptopu yenyewe. Zipo za zamani zenye tundu la duara, ambazo haziingii katika habari hii, na zipo zenye tundu la USB-C, lile dogo lililobapa lisilo na juu wala chini, lakini tundu lenyewe ni la kupitishia data tu, halipokei chaji. Kijitabu cha laptopu huonyesha, au ichomekwe pale pale dukani. Muuzaji mwaminifu hakatai.

La pili lilitushangaza. Zile wati zilizoandikwa mbele ni za chaja nzima, si za kila tundu. Chaja ya wati 65 inayochaji laptopu pekee itaipa zote 65. Ukiongeza simu, mara nyingi hugawanya 45 kwa 20. Ni kama dele la kahawa: vikombe vikizidi, kila mmoja atapata kidogo. Mgawanyo huo huandikwa kwenye kasha au mgongoni, na chaja isiyouandika hatukuigusa tena. Tulijumlisha yetu, laptopu 45, simu mbili za haraka 20 kila moja, na kidogo cha mama mkwe, tukaona 65 haitoshi. Tukachukua ya 100, yenye matundu matatu ya USB-C na moja la zamani la mstatili kwa nyaya tulizo nazo.

Mama watoto alipoiona aliuliza swali ambalo tunajua kina mama wengi wanaliuliza: je, wati 100 hazitaiunguza simu ya wati 15? Haziiunguzi, ikiwa chaja ni ya kweli. Katika utaratibu uitwao Power Delivery, ambao kwenye kasha huandikwa PD, chaja huanza kwa volti 5, kisha hutaja volti ilizo nazo, 9, 15, 20, na simu au laptopu huchagua inayoiweza. Simu ndiyo inayoomba. Ya laptopu ikiomba 20, tundu la jirani haliguswi. Wenye simu za Samsung zinazochaji haraka watafute pia herufi PPS, maana bila hizo simu itachaji, ila kwa mwendo wa chini. Na zipo simu ambazo kasi yake kamili hutoka kwa chaja ya kampuni yake pekee. Hizo zikichomekwa kwingine hupunguza mwendo, wala si ugonjwa.

Waya nao. Tulikaribia kuharibu kazi yote kwa waya. Nyaya za kawaida za USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kuzidi hapo, waya wahitaji kuwa wa ampea 5 wenye kidude ndani kinachojitambulisha kwa chaja, na huuzwa ukiwa umeandikwa 100 au 240. Mtu hununua chaja ya maelfu akaifunga kwa waya wa shilingi mia, halafu akalaumu chaja.

Kuhusu plagi, tuseme wazi. Hapa Kenya soketi zetu ni za meno matatu ya mraba. Chaja yenye meno mawili ya mviringo inayoingizwa kwa kusukuma kalamu au njiti katika tundu la juu haifai, hata ikiwa ya bei gani. Hukaa imelegea, hucheza, na palipolegea ndipo pa cheche. Tumeifanya kazi hiyo ya kalamu kwa miaka, mbele ya watoto, nao wameiga. Kwenye kasha tazameni pia stika ya KEBS ya bidhaa za nje, na shikeni risiti. Herufi GaN mkiziona, maana yake ni kwamba ndani mmetumika galiamu naitraidi badala ya silikoni, na ndiyo sababu chaja za siku hizi ni ndogo kwa nguvu zile zile. Ni jambo jema, lakini herufi tatu ni rahisi kuchapishwa na yeyote. Uzito wa mkononi na maandishi ya mgongoni ndiyo mashahidi wetu.

Kasoro moja hatukuambiwa dukani. Unapochomeka kitu kipya, chaja nyingi za namna hii hukata umeme kwa nukta moja ili zigawe upya. Laptopu yenye betri nzima haijali. Ya binti yetu betri yake imechoka, na katikati ya mtihani wake wa intaneti mama mkwe alikuja taratibu akachomeka simu yake, na kioo kikawa giza. Alhamdulillahi aliruhusiwa kurudi mtihanini, lakini yale machozi hatuyasahau. Sasa siku ya mtihani vyote huchomekwa kabla, na baada ya hapo hakuna anayegusa.

Kuhusu tokeni, tulipiga hesabu. Simu yenye betri ya 5,000 hula kama wati-saa 25 pamoja na upotevu, kwa hivyo yuniti moja huijaza mara 40 hivi. Hofu ya kuwa chaja inamaliza tokeni ilikuwa yetu tu. Pasi ya nguo ndiyo ya kuangaliwa.

Chaja tumeiweka katika kidaka cha ukumbini, kwenye jiwe tupu, mbali na pazia na magodoro. Imepokewa kuwa nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa akaamrisha mioto izimwe watu wanapolala. Tulikuwa tukiisomesha hadithi hiyo tukiwaza taa za mafuta. Saa nne za usiku mama watoto huizima soketi ya kidaka kwa mkono wake. Mama mkwe, ambaye mazungumzo ya Maskati bado humchelewesha, huja nusu saa kabla na kuuliza, "Mwanangu, muna nafasi niitie simu yangu?"