Tangazo la Pupa

Yapo majarida ambayo ukiyakuta kwenye kiti cha daladala utayasogeza kando ukae. Ya watafiti wa ridhaa wa wadudu ni miongoni mwa hayo. Uingereza wanayo tangu karne ya 19: kurasa chache, na mwalimu au karani akiripoti kwamba kamwona nondo fulani, kijiji fulani, tarehe fulani. Mengine huwa pia na matangazo ya mayai, viwavi na pupa.

Tangazo moja la namna hiyo, la pupa za vipepeo, ndilo lililowakutanisha Cyril Clarke na Philip Sheppard katika miaka ya 1950. Sheppard alikuwa mtaalamu wa jenetiki. Clarke alikuwa daktari huko Liverpool, na akitoka wodini kazi yake nyingine ilikuwa kuozesha vipepeo. Kuozesha kwelikweli: dume mkono huu, jike mkono ule, analibinya tumbo la dume polepole mpaka vibanio vya nchani vifunguke, kisha anawaunganisha.

Walimchunguza Papilio dardanus, kipepeo wa misitu yetu ya Afrika. Dume ni la manjano, lina mikia. Majike mengi hujivika sura za vipepeo wengine wenye ladha mbaya, ili ndege wayapite. Sura hizo, waligundua, hurithiwa kama furushi la jeni zilizobanana. Clarke akaona mfanano na makundi ya damu ya Rhesus, yale ya hasi na chanya, na udadisi ukahamia kwa kina mama.

Mama mwenye damu hasi akijifungua mtoto mwenye damu chanya, mwili wake waweza kutengeneza silaha dhidi ya damu ile, na mimba inayofuata ikashambuliwa. Clarke na wenzake wa Liverpool, sambamba na watafiti wa New York, wakaja na dawa inayosikika kama kichekesho: mpe mama silaha zilezile kwa sindano, zisafishe chembe za damu ya mtoto zilizomwingia kabla mwili wa mama haujashtuka. Ndiyo anti-D, ambayo mjamzito wa "negative" huiulizia kliniki hadi leo. Kwa kawaida huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Kwetu, anayepoteza jioni kuhesabu wadudu kwenye taa ataulizwa kama watamletea ugali. (Kumbikumbi wamesamehewa, maana wanaliwa.) Kisa cha Clarke kingefaa kuwa jibu, lakini nasita kukitumia hivyo. Matangazo mengi ya pupa hayakuzaa kitu zaidi ya vipepeo, na waliolipia hawakudai chenji. Clarke mwenyewe, sindano ilipokwisha kumpa sifa, aliendelea kuwatega nondo nyumbani kwake Caldy. Hesabu hiyo aliianza mwaka 1959 akaifikisha miaka ya 1990, akiandika weusi wangapi, weupe wangapi, huku moshi wa viwanda ukipungua na weusi nao wakizidi kuadimika.