Kicheko kizito kuliko chuma

Mnyanyua uzani akiumia mgongo, majirani wote humpa ushauri mmoja: lala, pumzika. Diski ya kiunoni iliponitoka na maumivu kuteremka mguuni kama stima, mimi niliyezoea kuinua kilo 140 nikawa wa kuvishwa soksi na mke wangu.

Daktari alinipa dawa za maumivu, kisha akaniamuru nitembee. Wengi wenye jeraha hili, alisema, hupata nafuu kwa wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa, na kulala siku nyingi hulegeza misuli inayoshikilia uti wa mgongo. Ila mkojo ukigoma kutoka au ukikutoka bila kujua, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza nilitembea hadi kioski na kurudi. Mwezi wa nne nilishika chuma kitupu cha kilo 20. Vijana niliowafunza wakacheka. Ndugu msomaji, hakuna kilichokaribia kunirudisha kitandani kama kicheko hicho. Nikanyamaza, nikaongeza kilo mbili mbili. Sasa nimefika 90, na mgongo haujalalamika. Mwenda pole hajikwai.