Safari ya Magu: Daftari la Mwalimu na Mshahara wa Ng'ambo

Ndugu msomaji, ukitoka Mwanza mjini kwa barabara kuu iendayo Musoma, utaiacha Igoma, utaipita Kisesa, ambako jirani yake, Bujora, ipo makumbusho ya Wasukuma, kisha utafika Nyanguge. Mkono wako wa kushoto Ziwa Victoria hujitokeza na kujificha nyuma ya mawe makubwa yaliyopandana kama yaliyopangwa na mkono wa mtu. Baada ya mwendo wa kilometa 60 hivi utaingia Magu, nchi ya pamba, mpunga, viazi na dagaa. Nilifika huko mwezi wa Agosti. Pamba ilikwisha vunwa, na katika nyua nyingi viazi vilivyokatwa vipande vilikuwa vimeanikwa juani ili viwe michembe.

Shabaha ya safari yangu ilikuwa nyumba moja iliyo nje kidogo ya mji, yenye bati lililoanza kushika kutu, ambayo majirani huiita "nyumba ya Botswana". Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Nilimwamkia, "Mwangaluka, baba," naye akaniitikia kwa furaha, akanikaribisha kiti chini ya mwembe. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alituletea chai na michembe iliyopikwa kwa karanga, akaketi nasi. Mjukuu wa miaka minne alikuwa akikimbiza kuku.

Mezani palikuwa na vitu viwili: daftari kuukuu lenye jalada la bluu, na karatasi mpya kutoka hospitali moja ya Uingereza.

Yafaa, ndugu msomaji, tuanze na daftari. Mwaka 1986 shilingi yetu ilishuka thamani kwa kishindo, kutoka kama 17 kwa dola moja ya Marekani hadi zaidi ya 50 mwaka ulipokwisha, na miaka iliyofuata ikaendelea kushuka. Mshahara wa mwalimu ukawa hauoni mwisho wa mwezi. Ndipo walimu, madaktari na wahandisi wetu wengi walipoelekea kusini, na Botswana, yenye almasi nyingi na wasomi wachache, ikawapokea. Fedha ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1976, huitwa pula, neno ambalo kwa Kitswana maana yake ni mvua. Mwalimu wetu alikwenda kufundisha Serowe mwaka 1993, akarudi mwaka 1999.

"Mali bila daftari huisha bila habari," alisema, akinifunulia kurasa. Kila pula imeandikwa: chumba, nyama, nauli, saruji ya Magu, bati la Magu, ada za wadogo zake wawili. "Wakati wa kwenda nilizidisha mshahara kwa shilingi, nikajiona tajiri. Nilipofika nilikuta mkate nao unauzwa kwa pula. Mshahara huwa mkubwa kwa fedha za nyumbani, lakini matumizi hufanywa kwa fedha za huko."

Sasa tuitazame ile karatasi. Muuguzi anayeanza kazi katika Huduma ya Taifa ya Afya huko Uingereza alipangiwa, kwa mwaka 2025/26, paundi 31,049 kwa mwaka. Tukikadiria paundi moja kuwa shilingi 3,300, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 102. Hapa kwetu, Julai 2025, kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Muuguzi hupata zaidi ya kima hicho, lakini tofauti na ile karatasi inabaki kama mlima na kichuguu. Ni nani asiyetamani?

Binti huyo alichukua kalamu. Ukiondoa kodi ya mapato, bima ya taifa na akiba ya uzeeni, mkononi hubaki kama paundi 2,000 kwa mwezi. Rafiki yake aliyetangulia huko, katika mji usio ghali wa kaskazini, amempa hesabu zake: chumba katika nyumba ya kushirikiana, pamoja na umeme na maji, paundi 600, chakula 200, basi 80, simu na madogo madogo 70. Jumla 950. Zinabaki paundi 1,050, yaani karibu shilingi milioni tatu na nusu kila mwezi. Kwa Magu, fedha hizo ni tofali, ni mbuzi, ni matibabu ya mzee.

Baba yake alizisoma tarakimu zile taratibu, kama anayesahihisha mtihani, kisha akauliza, "Mtoto umemwandika wapi?"

Binti alinyamaza, maana anamlea mtoto yule peke yake. Alipindua karatasi akaanza upya. Akienda naye, chumba cha kushirikiana hakitafaa, atahitaji nyumba. Mwaka 2025 wastani wa kodi ya nyumba ya kupanga nchini Uingereza ulipita paundi 1,300 kwa mwezi. Tuseme katika mji ule apate ndogo kwa 800, na kodi ya halmashauri, umeme na joto viwe 250. Kazi ya muuguzi ina zamu, na kituo cha kulelea mtoto kutwa nzima huweza kudai paundi 1,000. Jumla ni 2,050, kabla hajanunua mkate wala tiketi ya basi.

Magu kulea mtoto hakuna ankara. Bibi yupo, shangazi yupo, jirani yupo. Michembe imo ghalani, na kiwanja cha nyumba ni cha ukoo. Haya yote ni mshahara, ijapokuwa hakuna karani anayeyaandika. Mtu huyatambua siku anapoyalipia.

Hivyo basi mshahara uleule ni mrefu kwa anayeacha mtoto, na ni mfupi kwa anayekwenda naye. Mzee alilijua jambo hilo zamani, ila halimo daftarini mwake. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba aliporudi mwaka 1999, msichana wake wa miaka minane alikimbilia jikoni kumwambia mama yake kuwa kuna mgeni mlangoni. Msichana huyo ndiye aliyekuwa akitumiminia chai.

"Nakumbuka," binti alisema. "Lakini pia nakumbuka kwamba ada ya chuo changu ilitoka kwenye nyumba hii. Chumba cha uani tulikipangisha."

Ndugu msomaji, sikwenda Magu kuwazuia watu kusafiri. Lakini ukiletewa karatasi kama ile, usiizidishe kwa shilingi ukalala. Uliza kodi, makato na joto la nyumba. Uliza gharama za kuingia: mtihani wa vitendo wa wauguzi wageni huko Uingereza peke yake hulipiwa paundi 794, ingawa waajiri wengine huirudisha. Jihadhari na madalali pia, kwani Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza hairuhusu mawakala kwenda kuchukua wahudumu wa afya. Mwenye kutaka huomba mwenyewe. Kisha waandike wale utakaowaacha.

Nilipoaga jua lilikuwa likielekea ziwani. Mama mwenye nyumba alikuwa akiianua michembe, na mjukuu akimsaidia kwa kuila. Binti alikuwa bado mezani. Amepewa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Alikuwa ameomba daftari la baba yake, akafungua ukurasa mtupu wa mwishoni na kuugawa kwa mstari mmoja katikati. Juu ya safu ya kwanza aliandika "Naye", na juu ya ya pili, "Bila yeye".